Siku moja na ndoo ya tope la choo, Delft

Saa kumi na mbili asubuhi. Huku Delft, Uholanzi, Novemba hii bado ni giza totoro, jua halichomozi mpaka inakaribia saa mbili. Naswali, nakunywa chai na mkate, navaa soksi mbilimbili na kupanda baiskeli. Upepo unanipiga usoni njia nzima.

Nyumbani Vingunguti, Dar es Salaam, wakiniuliza nasomea nini, nikijibu "usafi wa mazingira" wananyamaza kidogo. Kisha anajitokeza mmoja kumwuliza mama kama ni kweli mwanawe kapanda ndege kwenda Ulaya kusomea mavi. Ni kweli. Nasomea mavi, na ningependa mjue siku yake inavyokwenda.

Saa mbili nipo maabara. IHE ni chuo cha mambo ya maji, kilianza 1957, na wanafunzi wengi tunatoka Afrika, Asia na Amerika Kusini. Navaa koti, miwani, buti, glavu mbili juu ya nyingine. Napima chokaa kwenye mizani, napanga visahani vya kuoteshea vijidudu, naandika lebo. Saa tatu kamili kila kitu kipo tayari.

Nangoja tope.

Hapa lazima nieleze. Uholanzi karibu kila nyumba imeunganishwa na bomba la majitaka. Ya hapa Delft yanakwenda kusafishwa kwenye mtambo mkubwa wa Harnaschpolder, na mwenye nyumba hana habari nayo tena. Shimo la choo kama letu hulipati. Cha kukaribiana nalo ni vyoo vya kuhamishika, vile vya plastiki vinavyowekwa kwenye maeneo ya ujenzi. Kwa hiyo naagiza tope kwa kampuni inayovihudumia. Niliwaandikia mara mbili: lisiwe na dawa ya bluu.

Gari lilipaswa kufika saa tatu. Saa nne halipo. Saa tano napiga simu, naambiwa liko njiani. Saa sita kasorobo dereva anashusha madumu mawili, nafungua kifuniko cha la kwanza: bluu. Bluu ya wino, na juu ya harufu ya choo kumepakwa harufu ya maua kama ya sabuni ya kufulia.

Ile dawa hutiwa ili choo kisinuke, na inafanya hivyo kwa kuua vijidudu. Mimi napima chokaa inaua vijidudu kiasi gani. Nikilitumia tope lile, nitamkuta maiti kisha niandike kwamba chokaa ndiyo iliyoua. Nikamweleza dereva. Akaniangalia kwa upole, akasema yeye kapewa madumu ya kuleta na ameyaleta. Nikapiga ofisini kwao. Wa kwanza akanihamishia kwa wa pili, wa pili akanishauri nilizimue kwa maji, wa tatu akaniuliza kwani tope si tope? Nimesimama uani kwenye baridi, simu sikioni, vidole havina hisia, na kila saa inayopita ni saa nitakayoilipa usiku. Mwenzangu mmoja akaniambia, tumia hilihili, msimamizi hatajua. Nikakataa, na sikukataa kwa sababu ya msimamizi.

Mjomba wangu alikuwa chura. Wa Dar wanajua: vyura ni wale wanaotapisha vyoo kwa mikono. Kazi yao usiku wa manane, na taa ya chemli. Wanamwaga mafuta ya taa shimoni kupunguza harufu, wanavunja sakafu ya choo, wanachimba shimo la pili pembeni, kisha mmoja anaingia. Mjomba ndiye aliyekuwa akiingia. Tope kiunoni, ndoo mkononi, na chini huko kuna chupa zilizovunjika na nyembe. Miguu yake ina makovu ambayo nikiwa mdogo nilidhani kila mwanamume anayo.

Siku hizi kikundi chao kina pampu ya mkono, unasimama juu na kuvuta, tope linaingia kwenye mapipa na mapipa yanapakiwa kwenye guta. Hakuna anayezama tena, nashukuru. Lakini anayebeba pipa bado linamrukia. Na wasio na hela ya kuita kikundi wanangoja mvua: wanatoboa shimo ubavuni, maji yanachukua kila kitu hadi mtaroni, na asubuhi watoto wanacheza hapohapo. Kipindupindu kilichoanzia Dar Agosti 2015 na kusambaa mikoani tulikiona kwa macho yetu.

Ndiyo maana nafanya chokaa. Ni ileile inayopakwa ukutani, ipo hata duka la vifaa vya ujenzi la mtaani. Ukiitia kwenye pipa palepale uani na pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ikapanda hadi 12, vijidudu vingi vinakufa kabla pipa halijatoka getini. Mayai ya minyoo ni sugu zaidi, na hilo sitamficha mtu. Kanuni ya Marekani inataka pH 12 kwa saa 2, halafu 11.5 kwa saa 22 zaidi, lakini kanuni hiyo iliandikiwa tope la mitambo ya kusafisha majitaka. Letu lina mchanga na matambara, na linatofautiana shimo kwa shimo. Swali langu ni moja: pipa moja linataka chokaa kiasi gani? Nikikosea jibu kwa sababu ya dawa ya bluu, atakayetia chokaa pungufu na kushika pipa akidhani ni salama ni mjomba.

Gari la pili likaja saa tisa na nusu. Kahawia. Nilifurahi kama niliyeletewa barua.

Baada ya hapo saa sikuziangalia vizuri. Nililichuja tope kwa wavu, nikatoa karatasi, nyuzi, kizibo cha chupa. Ncha ya pipeti, kile kibomba cha kufyonzea sampuli, ikaziba, nikaikata kwa mkasi, ikaziba tena, nikaikata juu zaidi. Chokaa kijiko kwa kijiko huku nakoroga. pH ikapanda upesi hadi 9, ikasuasua, 10, 11. Hapo harufu hugeuka. Ya mavi inarudi nyuma, inakuja amonia, kama mkojo uliolala siku tatu, na hata chini ya kifyonza hewa machozi yanakutoka. 12.1. Nikawasha saa ya kuhesabu.

Sampuli ya mwanzo, ya dakika 15, ya 30, ya 60, ya 120. Kila moja naizimua mara tatu, kila mzimuo visahani vitatu. Visahani 45. Mgongo ulianza kuuma kwenye cha ishirini na kitu. Jioni hairuhusiwi kufanya kazi humu peke yako, basi dada mmoja kutoka Nepali akajitolea kubaki na daftari lake. Baadaye tuligawana ndizi nje kwenye korido, hatukuwa na nguvu ya kuongea.

Simu ililia mara tatu nikiwa na glavu. Nilipomaliza dakika ya 120 nikanawa hadi viwikoni, nikapiga. Dar wako mbele kwa saa mbili, mjomba alikuwa keshapanda kitandani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Bado uko kazini?"

Akaniambia leo wametoa mapipa kumi na mawili kwa mama mmoja mjane, mvua ikiwanyeshea. Chokaa wametia kwa kukisia, kopo mbili kila pipa. "Tumekosea?"

"Bado sijui, mjomba. Kopo la nini?"

"La rangi. Lile la lita nne."

"Mnajaza, au mnalikata usawa?"

Akafikiri. "Tunajaza mpaka kichuguu."

Nilirudi ndani, nikaingiza visahani kwenye kabati la joto, nyuzi 37, mpaka kesho. Nikasugua meza. Kabla ya kuzima taa nilifungua daftari kwenye jedwali langu la gramu kwa lita, nikachora safu moja zaidi pembeni, na juu yake nikaandika: kopo kwa pipa.