Kibawa mbele, bawa nyuma: nilivyoirusha

Ndege nyingi zinazotua Entebbe zina mabawa makubwa katikati na vibawa vidogo mkiani. Mimi nilitaka kuunda ndege ya mfano iliyogeuzwa: kibawa kidogo mbele, bawa kubwa nyuma. Ndugu wawili wa Wright waliruka hivyo mwaka 1903. Katika miaka ya 1970, Mmarekani Burt Rutan akaufufua mpangilio huo kwa VariEze, ndege ambayo mtu aliweza kujiundia nyumbani. Hakuhitaji kalibu: alikata povu gumu kwa waya wa moto, akalifunika kwa faibaglasi. Hapo ndipo nilipopata moyo, maana hapa Jinja povu la kufungia televisheni hutupwa tu nje ya maduka.

Waya niliutoa kwenye hita mbovu, nikaukaza kwenye fremu ya mbao na kuupasha kwa betri ya gari. Ukiwa na moto wa kutosha, unapita ndani ya povu polepole bila kukwama, na bawa linatoka laini.

Kazi hasa ilikuwa uzito. Kibawa cha mbele hutegwa kiinuke zaidi kidogo kuliko bawa kubwa, ili pua ikipanda kupita kiasi, chenyewe kitangulie kukosa mnyanyuko. Pua inashuka, mwendo unarudi, na muda wote huo bawa kubwa bado linabeba. Ni ubunifu ninaouheshimu mno. Lakini uzito ukikaa nyuma sana, bawa kubwa ndilo linalotangulia kushindwa, na ndege inaangukia mkia.

Kwa hiyo nilinunua chubwi kwa wavuvi wa Masese, nikazipachika puani moja moja. Jirani yangu, mzee aliyekuwa fundi wa ndege jeshini, alisimama nami uwanjani.

“Niongeze nyingine, afande?”

“Ngoja kwanza, kijana. Irushe pua ikiwa juu, tuone itainama vipi.”

Niliirusha. Ikapanda, ikasita, pua ikainama kidogo, kisha ikashika mwendo na kuteleza sawasawa hadi upande wa pili wa uwanja. Tuliirudia mpaka afande akaridhika, ndipo nikaweka alama ya kalamu mahali mizani ilipokaa.

Sasa natafuta mota. Jinja iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo bawa la kubeba betri nitalirefusha.