Tyubu ya zambarau ina dawa, mbona damu imeganda? Ninavyoshughulikia tatizo hili maabara

Mashine ikinipa platileti (chembe zinazosaidia damu kuganda) 38,000 tu, idadi ya chini mno, kwa mgonjwa asiye na dalili yoyote ya kutokwa damu, siandiki majibu kwanza. Nafungua tyubu na kupitisha kijiti cha mbao taratibu hadi chini. Kikitoka na kibonge chekundu kinachovutika kama mlenda, sampuli hiyo haifai, hata kama kibonge ni kidogo kuliko punje ya mtama. Platileti zimenaswa humo. Naomba damu nyingine.

Mara nyingi dawa yenyewe haina kosa. EDTA, dawa ya kuzuia kuganda iliyomo kwenye tyubu ya zambarau, hukamata kalsiamu, na bila kalsiamu damu haiwezi kukamilisha hatua za kuganda. Ila haiyeyushi bonge lililokwisha kujifunga. Damu ikikaa dakika chache kwenye bomba la sindano huku mtu akitafuta kalamu, imeshaanza kuganda kabla haijakutana na dawa. Kwa hiyo nimesisitiza wodini: tyubu zipangwe kabla ya kuchoma, mpira wa kufunga mkono usikae zaidi ya dakika 1, na damu ikishaingia, tyubu ipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10, kiputo cha hewa kisafiri toka mwisho hadi mwisho. Lebo ifuate, palepale kitandani. Kutikisa kwa nguvu hupasua chembe nyekundu.

Tyubu ya bluu ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu hapo kipimo ni kila kitu: sitreti, dawa yake ya kukamata kalsiamu, 0.3 ml kwa damu 2.7 ml, yaani 1 kwa 9. Tunapopima INR (kipimo cha muda damu inaochukua kuganda) tunairudisha kalsiamu ili damu igande tukihesabu sekunde. Tyubu ikijaa nusu, sitreti iliyozidi huimeza kalsiamu hiyo, INR inapanda bure, na mgonjwa anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, anaweza kupunguziwa dozi anayoihitaji. Tyubu isiyofika mstari naikataa, hata wakinung'unika. Wanaotumia sindano ya kipepeo watangulize tyubu ya kutupa, maana hewa ya kwenye mrija hula nafasi ya damu. Tyubu ya bluu hupinduliwa mara 3 au 4 tu.

Mpangilio wetu wa kujaza ni bluu, nyekundu, kijani, kisha zambarau. Kamwe usimimine damu ya zambarau kwenye nyekundu ili kufidia upungufu: EDTA hiyo ni chumvi ya potasiamu, hivyo majibu ya potasiamu yatapanda ajabu na ya kalsiamu yatashuka. Ya kijani ina heparini, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, ambayo haigusi kalsiamu. Huipa nguvu antithrombini, kizuizi cha mwili wenyewe, izuie thrombini, kimeng'enya kinachogandisha damu.

Kuna wagonjwa wachache ambao kijiti hutoka safi na platileti bado ziko chini. Hapo natazama kioo kwenye hadubini, hasa pembezoni mwa damu iliyopakwa. Nikiona platileti zimeshikana makundi makundi, EDTA ndiyo inayozikusanya. Narudia kwa tyubu ya bluu iliyojaa sawasawa, kisha nazidisha jibu kwa 1.1 kufidia maji ya sitreti.