Jumatano mchana, chumba chenye ubao: tulivyojenga kikundi cha wanasayansi weusi chuoni

Nilipokwenda kaskazini mwa England kusomea uzamivu wa kemia, nilipewa pia kazi ya kusimamia wanafunzi wa mwaka wa kwanza maabara. Kazi hiyo inakuonyesha mengi. Nilichokiona mapema ni kwamba wanafunzi weusi, mmoja au wawili katika kila kundi, walifanya kila kitu peke yao. Wanapima peke yao, wanaandika ripoti peke yao, na wakikwama wanakaa kimya mpaka muda uishe. Hawakuwa wavivu hata kidogo. Wengi walikuwa wameingia chuoni na alama za juu kabisa.

Kwa mtu aliyesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hali ile ilinishtua. Mlimani ni nadra mtu kuvuka hesabu za mwaka wa kwanza akiwa mwenyewe. Jioni vimbwete, zile meza na viti vya zege vya nje, vinajaa, watu wanabishana juu ya pasti pepa, madesa (nakala za notsi) yanazunguka mkono kwa mkono, na aliyeelewa anasimama kuwaelewesha wengine ili mtu asije akapata supu, yaani mtihani wa marudio, au akadisko kabisa, yaani kuondolewa chuo. Hatukuamriwa na mhadhiri yeyote. Tuliwakuta kaka na dada zetu wakifanya hivyo, nasi tukaendeleza. Kule Uingereza wanafunzi wengine nao walikuwa na makundi yao: waliosoma sekondari moja, waliopanga nyumba pamoja, waliokuwa kwenye kundi moja la WhatsApp. Wale wangu hawakuwamo, na hakuna aliyewaambia kwamba hayo makundi yapo.

Nilipoanza kusoma juu ya jambo hili nikakutana na kazi ya Uri Treisman, mwanahisabati aliyekuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani. Katika miaka ya 1970 alitaka kujua kwa nini wanafunzi weusi waliokuja na rekodi nzuri walikuwa wanafeli somo la hesabu la kalkulasi. Watu walimpa majibu ya haraka: hawana ari, wametoka shule dhaifu, nyumbani kwao elimu haithaminiwi. Yeye akawafuata wanafunzi wenyewe, akaona wanavyosoma siku hadi siku, na majibu yale hayakusimama. Wanafunzi wenye asili ya Kichina walisoma kwanza kila mtu kivyake, kisha wakakutana, wakasahihishana na kupeana habari za chuo. Weusi wengi walitenganisha masomo na marafiki: marafiki ni wa starehe, vitabu ni vya chumbani. Treisman akaanzisha warsha za kusolvu maswali magumu kwa pamoja. Hakumwita mtu dhaifu. Aliwaalika kama watu wanaotarajiwa kufanya vizuri sana, na matokeo yao yakapanda kwelikweli.

Hapo ndipo nilipoamua kikundi chetu kiwe cha namna gani. Chuoni tayari kulikuwa na chama cha wanafunzi wa Kiafrika na Karibiani, na kilikuwa kinafanya kazi nzuri ya kuwakutanisha watu, kula na kucheza. Sikuona haja ya kuanzisha kingine kama hicho. Nilitaka mahali ambapo mtu mweusi anayesoma kemia, fizikia, baiolojia au uhandisi atafanya sayansi akiwa na wenzake, na urafiki uzaliwe humohumo kwenye kazi.

Nikamwendea mkuu wa idara. Nilibeba takwimu za ripoti ya mwaka 2019 ya Leading Routes, mpango unaowatetea wanataaluma weusi Uingereza: kati ya nafasi 19,868 za ufadhili wa uzamivu zilizotolewa na mabaraza ya utafiti ya Uingereza katika miaka mitatu, ni asilimia 1.2 tu iliyokwenda kwa wanafunzi weusi au wenye mchanganyiko wa weusi. Nikamwomba chumba chenye ubao mpana, fedha kidogo ya chai na chakula, na Jumatano mchana, kwa sababu vyuo vingi vya huko huacha muda huo bila vipindi kwa ajili ya michezo. Aliniuliza swali ambalo naamini kila anayeanzisha kikundi kama hiki ataulizwa: je, wengine watazuiwa kuingia? Nilimjibu kwamba mlango uko wazi, ila wanaoongoza na wanaopanga maswali ni wanafunzi weusi. Mfano mzuri upo. Mpango wa Meyerhoff wa kufadhili wanafunzi wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, Marekani, ulioanzishwa mwaka 1988 na Freeman Hrabowski pamoja na mfadhili Robert Meyerhoff, ulianza na vijana weusi wa kiume, baadaye ukachukua wasichana, na mwaka 1996 ukafunguliwa kwa wote. Haukupoteza kazi yake. Kizzmekia Corbett, aliyekuwa miongoni mwa watafiti walioongoza utengenezaji wa chanjo ya UVIKO-19 ya Moderna, alipitia humo.

Nieleze Jumatano moja ilivyokuwa, maana ndiyo inayoonyesha tulichokuwa tunakijenga. Swali lilikuwa la spektra ya NMR, mchoro wa vilele unaoonyesha hidrojeni za molekuli zimekaa wapi: kampaundi yenye fomula C4H8O2, chagua kati ya methili propanoeti na ethili ethanoeti. Zote mbili zina kilele kimoja kisichogawanyika, kingine kilichogawanyika mara tatu, na kingine mara nne. Kijana mmoja mwepesi wa kujibu akaona kile kilele kimoja, akasema hicho ni CH3 iliyoshikana na oksijeni, akaandika methili propanoeti na kuipigia mstari. Pembeni yangu alikaa binti ambaye familia yake ilitoka Bukavu, mkimya sana maabara. Akaninong'oneza kwa Kiswahili: "Dada, kile cha mara nne kiko mbali sana. Haiwezi kuwa ile." Nikamwambia, "Nenda ubaoni uwaelezee wenzako."

Akaenda. Akaonyesha kwamba kilele cha mara nne kiko kwenye 4.1 ya kipimo kilicho chini ya mchoro, wakati CH2 iliyo jirani na kabonili (kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa bondi mbili) ingekaa kwenye 2.3 hivi. Oksijeni inavuta elektroni, hidrojeni zinabaki bila kinga, kilele kinasogea. Kwa hiyo ni CH2 ndiyo iliyoshikana na oksijeni, na jibu ni ethili ethanoeti. Yule kijana akabisha, akaulizwa kile kilele kimoja kilichoko 2.0 angekiweka wapi, akatafuta, kisha akafuta mwenyewe alichoandika. Wakacheka wote. Kuanzia siku hiyo wawili wale walikuwa wakiandika ripoti meza moja.

Mengine yalikuja yenyewe baada ya watu kuzoeana. Miwani ya maabara isiyokaa vizuri juu ya rasta. Namna ya kumwandikia profesa barua pepe kuomba kazi ya utafiti ya likizo, na kwamba nafasi hizo huanza kuombwa tangu majira ya baridi, jambo ambalo wenye wazazi wasomi hulijua mapema. Tuliongea pia juu ya Robert Mokaya, Mkenya aliyesoma Chuo Kikuu cha Nairobi na kufanya uzamivu Cambridge, ambaye kwa miaka mingi alikuwa profesa pekee mweusi wa kemia Uingereza nzima. Wengi hawakuwahi kumsikia. Mtu mmoja katika nchi nzima! Jambo hilo liliwaumiza, na liliniumiza mimi pia.

Kuna suala nililolishikilia kuliko yote, nalo ni malipo. Kazi ya kuwalea wanafunzi weusi huangukia wale weusi wachache waliopo, nao huifanya usiku bila kulipwa huku tasnifu zao zikisubiri. Nilikataa. Idara ikakubali kwamba saa za mwanafunzi wa uzamivu anayeongoza Jumatano zilipwe kwa kiwango kilekile cha kusimamia maabara, na ziandikwe kwenye bajeti ya mwaka. Utaratibu huo ndio uliokiokoa kikundi nilipoingia kuandika tasnifu: nafasi ilitangazwa, watu wakaomba, akapatikana mwingine. Sasa kinaongozwa na kijana wa fizikia kutoka Ghana, na yeye huanza vikao mwanzoni mwa Oktoba, kabla wageni hawajazoea kukaa peke yao.