Nilivyoshinda rufaa ya mgongo wangu baada ya kutoka jeshini

Idara ya Maveterani ya Marekani (VA) huwalipa fidia walioumia jeshini. Nilipoidai, ndugu zangu Wakenya hapa Texas waliniambia, "Wakikukatalia, subiri kidogo halafu anza dai jipya." Ushauri huo ungenipotezea malimbikizo ya malipo ya karibu miaka miwili, na naumia nikisikia vijana wanaotoka jeshi la Marekani bado wanaambiwa hivyo. Ukikata rufaa kabla mwaka haujaisha tangu tarehe ya barua ya kukataliwa, unalinda tarehe ya dai lako la kwanza. Ukianza upya baada ya hapo, umeitupa.

Goti la kushoto niliumia nikiwa Afghanistan, VA ikalikubali kwa asilimia 10 ya ulemavu, kipimo wanachotumia kupanga malipo. Nilichechemea miaka mingi mpaka kiuno kikaanza kukataa kuinama, nikadai mgongo kama maradhi yaliyotokana na goti. Wakakataa.

Nilijaza fomu 20-0996 ya kuomba afisa wa ngazi ya juu apitie faili, nikaambatisha eksirei mpya na barua ya daktari. Hakuna aliyezitazama. Njia hiyo haipokei ushahidi mpya hata karatasi moja. Afisa anasoma kilichokuwemo siku ya uamuzi, basi. Miezi mitano ikaenda hivyo. Ushahidi mpya unapelekwa kwa fomu 20-0995.

Safari hii niliomba kwanza nakala ya ripoti ya aliyenipima kwa niaba ya VA. Nikaisoma usiku kucha, na kwenye ukurasa wa mwisho nikaliona: ameandika kwamba goti halikusababisha ugonjwa wa mgongo, akaishia hapo. Lakini kifungu 3.310 cha kanuni za VA kinauliza mambo mawili: goti lilisababisha, au lilizidisha? La pili hakuligusa kabisa. Nilimwamsha mama watoto nikamwonyesha.

Nikarudi kwa daktari wangu. Barua yake ya kwanza ilisema "huenda" goti limechangia, na "huenda" haina uzito wa kutosha kwa waamuzi. Nikamwomba, kama kweli ndivyo anavyoamini, aandike kwamba uwezekano ni angalau nusu kwa nusu, aeleze jinsi kuchechemea kunavyouelemea uti wa mgongo, na alinganishe eksirei ya zamani na ya sasa ili ionekane ulikuwaje kabla haujazidi. Alinitoza kama dola mia sita hivi. Mama watoto naye aliandika ushuhuda wake, kwamba ni yeye anayenifunga viatu asubuhi.

Kujaza fomu nilisaidiwa bure na mwakilishi wa chama cha maveterani. Wale wanaokupigia simu wakitaka sehemu ya malipo yako kabla hata hujakataliwa, kata simu.

Mgongo ulipewa asilimia 20, kuanzia tarehe ya dai la kwanza. Kwa hesabu yao 10 na 20 ni 28, kwa sababu ile 10 huhesabiwa kwenye 80 zilizobaki, nao huikadiria hadi kumi lililo karibu, yaani 30. Barua ilipofika nilimsomea mama watoto kwa sauti, mara mbili, tukiwa tumesimama jikoni.