Ringi ambazo hakuna atakayeziona

Saa tano usiku saivi, nimechoka mpaka vidole havikunji lakini usingizi umegoma, kwaiyo ngoja niandike.

Kuna dada yuko Muscat kule Oman, anafanya kazi za ndani, huu mwaka wa nne. Kila mwisho wa mwezi anatuma hela ya nyumba ya mama yake huku Chanika na nyumba yenyewe nimeijenga mimi toka msingi. Imebaki mnara wa tangi tu. Tangi la lita 5,000, yani likijaa ni tani 5 za maji zimekaa juu ya nguzo nne, na mama kashasema hapo chini ndo patakuwa jiko lake la kuni maana kutakuwa na kivuli.

Sasa wiki iliyopita msimamizi, ndugu yao kabisa, kanivuta pembeni. "Fundi, ebu tuongee kiutu uzima." Kwenye makadirio tuliandika saruji mifuko 20, ringi, zile chuma nyembamba zinazozunguka na kufunga nondo za nguzo, kila sentimita 15. Akasema weka mifuko 13, ringi zisogeze hata 30 haina shida, hili si ghorofa, kinachobaki tunakata katikati. Dada atatumiwa picha mnara ukishapigwa rangi, atafurahi, basi.

Sikumjibu hapohapo, nisidanganye. Nilipiga hesabu. Kuna deni la duka, kuna michango ya shule ya mtoto, na mwezi huu kazi zimekuwa za kuokoteza. Nilisimama pale nimeshika rula kama dakika mbili nzima.

Kilichonirudisha ni nguzo moja ya mwaka 2011.

Nilikuwa saidia fundi kwenye jengo fulani mjini. Siku ya kumwaga zege mvua inanukia, foromani anafoka, ongezeni maji liteleze tumalize, na mi ndo nilikuwa nashika mpira wa maji. Nikaongeza. Zege likawa kama uji. Mtu asiyejua anaona zege laini ni zuri maana linafanyika haraka, kumbe yale maji ya ziada yakishakauka yanaacha vitundu humo ndani na nguvu inakuwa imeondoka nayo. Tulipobandua mbao nguzo moja ya ghorofa ya pili ilikuwa kama sega la nyuki, nondo zinachungulia, kidole kinaingia mpaka kwenye kiungo cha kwanza, nilijaribu mwenyewe. Nikaambiwa ziba, piga plasta. Nikaziba. Nilikuwa na mkono mzuri wa plasta hata enzi zile, mpaka jioni ile nguzo ilikuwa nyororo kama wenzake, nikalipwa changu nikaenda kula chipsi mayai.

Lile jengo lipo, watu wanaishi, wameanika nguo kwenye vibaraza. Nikipita na daladala lazima niangalie ghorofa ya pili, upande wa kushoto. Kuna mwaka nilienda nikamwambia msimamizi wa jengo, akaniuliza we nani, umetumwa na nani, nikaondoka. Nilitakiwa nisiondoke. Hilo nalibeba.

Halafu ikaja Ijumaa Kuu ya 2013, tarehe 29 Machi, jengo la ghorofa 16 mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar likashuka asubuhi, wakafa watu 36, na humo kuna watoto waliokuwa wanacheza tu pale jirani. Si jengo nililofanyia kazi lakini niliposikia redioni nilikaa chini. Novemba 2024 tena jengo Kariakoo, Jumamosi asubuhi, watu wapo kwenye biashara zao, wakafa zaidi ya 20. Kila likianguka jengo watu wanauliza injinia nani, mmiliki nani, kibali kiko wapi, na ni sawa kabisa waulize, ila mi huwa namuwaza yule kijana aliyeshika mpira wa maji. Alijua? Aliambiwa na nani kwamba anachofanya kina uzito?

Mi aliyeniambia ni mzee mmoja wa Kilwa, marehemu sasa, Mungu amrehemu. Nilienda kwake baada ya 2013 nikamwambia mzee nifundishe upya. Nilikuwa na miaka kadhaa kwenye saiti lakini akanianzisha kwenye biskuti, vile vitofali vidogo vya kuinua nondo zisiguse mbao. Siku nzima nafyatua biskuti. Nilinung'unika, akaniambia, "Mwanangu, nondo ikigusa mbao, kesho itakuwa nje inakula upepo wa bahari, itaoza na we utakuwa ushakula hela." Basi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ila akishaswali alfajiri alikuwa anapitia saiti za watu kumwagilia zege lililokwisha kushika, lisikauke haraka likapasuka, siku saba mfululizo, halipwi, mwenye nyumba hata hajui. Nikamuuliza mzee kwani mkataba unasema? Akanipa ndoo.

Watu wengi wanatafuta kusudi la maisha kama kitu kikubwa kinachokuja kwa sauti, mi langu nililipokea pale, kwenye ndoo. Toka siku ile najua nafanya kazi kwa ajili ya mtu atakayelala chini ya zege langu, bosi anayenilipa anakuja baada ya huyo. Na niseme ukweli kwamba imenigharimu, kuna saiti mbili sijarudishwa, na kuna jamaa ananiita mlokole ingawa hata kanisani siendi.

Kwaiyo nikamwambia yule ndugu, kaka samahani, ringi ni 15. Akacheka, akaona natania. Nikamuonesha: nikachukua njiti za kiberiti nne nikazifunga na uzi juu na chini tu, nikazisimamisha, nikabonyeza na kidole, zikatanuka katikati zikavunjika. Nikafunga zingine nne, uzi sehemu sita, nikabonyeza, zikakaa. Nikamwambia hizo ndo ringi, na hapo chini anakaa mama yako mkubwa na sufuria. Hakucheka tena ila alikasirika, akasema kazi ya fensi inayofuata nisahau. Sawa.

Nyumbani mama Aisha akaniuliza, baba Aisha, sasa fensi imeenda, michango inatoka wapi? Sikuwa na jibu. Alinyamaza muda mrefu anachambua mchicha, baadae akasema we ungelala usiku kweli? Tukaishia hapo. Michango bado hatujapata, naandika ilivyo.

Slabu, lile zege la juu la kukalia tangi, tumeimwaga Jumamosi. Ringi nilizihesabu mwenyewe na rula nguzo zote nne kabla hatujafunga mbao, nikaipiga picha kila moja nikamtumia yule dada Muscat nondo zikiwa bado uchi, kabla ya rangi yoyote. Akanirudishia voisi noti, nyuma kuna mtoto wa watu analia, anasema fundi mi sielewi hizo chuma ila nimeziangalia zote.

Magunia tumetandaza juu yaloane. Nilipanga niwe naenda mwenyewe kila asubuhi, ila toka Mbagala mpaka kule nauli inauma, nikamuelekeza mama, nikamwambia mama usipande ngazi, tumia mpira wa bustani, asubuhi na jioni mpaka siku saba zipite, na mirunda inayoshikilia slabu kwa chini asiitoe mtu mpaka nije.

Leo ya nne. Nimempigia saa moja jioni, kabla sijauliza kaniambia, "Nishalinywesha mwanangu, na la jioni pia."