Msuli Unaoachia

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Wiki hii nimekaa na Waefeso 4:16, pale Paulo anaposema mwili wote "ukiungamanishwa na kushikanishwa kwa msaada wa kila kiungo". Kiungo ni neno linalotokana na kuunga, na mfupa mmoja hauungi kitu. Mpaka ukutane na mwenzake ndipo tunapata kiwiko, goti, nyonga. Nikiisoma aya hii sasa, mawazo yangu huenda moja kwa moja kwenye mahali hapo pa kukutania.

Weka kiganja cha kushoto juu ya mkono wa kulia, kati ya bega na kiwiko, kisha ukunje mkono huo polepole. Utausikia msuli wa mbele ukituna na kuwa mgumu. Umejifupisha, na kano yake, iliyoshikamana na mfupa chini kidogo ya kiwiko, imeuvuta mfupa huo juu. Je, nani ataunyoosha? Msuli uleule hauwezi. Tuna misuli zaidi ya 600, na hakuna hata mmoja unaoweza kusukuma mfupa. Yote huvuta tu. Hata ukisukuma mlango, ndani yako kinachofanyika ni kuvuta. Ndiyo maana Mungu aliweka msuli mwingine nyuma ya mkono, uvute kutoka upande wa pili. Huu ukikaza, ule hulegea.

Kulegea huko nilikuwa nikikudharau. Lakini hebu tazama unavyoshusha kikombe kilichojaa maji mpaka mezani. Mkono unanyooka, na bado msuli wa mbele ndio unaofanya kazi: unarefuka kidogo kidogo huku umebeba uzito. Ukiachia ghafla, maji yanamwagika. Ukikataa kuachia, kikombe hakifiki mezani.

Niliwahi kuvunjika mkono karibu na kiwiko, nikafungwa plasta kwa wiki kadhaa. Ilipotolewa, mkono ulikuwa umekonda na haunyooki. Nikadhani msuli wa kunyoosha ndio uliokufa nguvu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaugusa ule wa mbele, akaniambia, "Huu umezoea kuwa mfupi. Haujakubali kuachia." Akanieleza pia kwamba gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, hauna mishipa ya damu. Chakula chake kinatoka kwenye ute ulio ndani ya kiungo, na ni mwendo unaoukamua ute huo na kuurudisha. Kiungo kisichosogezwa kinakosa lishe hata kama mwenye mwili anakula vizuri. Nilinyoosha mkono ule kila siku, kwa maumivu na machozi, na mara nyingi nilimwomba Mungu nikiwa katikati ya zoezi.

Nimelikumbuka neno la yule mtaalamu kwa sababu ya kikundi chetu cha maombi. Nimekiongoza miaka mingi. Bwana ametuletea dada kijana mwenye neema ya kuongoza, kila mtu anaiona, nami kila akianza kusema namalizia sentensi yake. Akichagua wimbo, nabadilisha. Nilijiita mwaminifu. Kumbe nilikuwa nimekaza tu, na yeye hakuwa na pa kuvutia. Paulo anaendelea kusema "kwa kadiri ya utendaji wa kila sehemu moja moja", na mimi nilikuwa nimechukua sehemu mbili.

Nimemwendea, nikamwomba msamaha. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema alikuwa amefikiria kuacha kuja. Neno hilo limeniuma wiki nzima.

Jumatano hii ataongoza yeye. Nitakaa kando yake, nikiwa nimebeba kwa maombi kile nilichokuwa nakibeba kwa sauti, na nitamwachia polepole, wiki hadi wiki, bila kumtupia mzigo wote kwa siku moja. Anaitikia "amina" kwa sauti ndogo sana. Mtuombee sote wawili.