Kolongo: siku ya Entebbe na kijana wa miaka mitatu

Kadi ya kliniki ina nafasi ya uzito, matone ya polio, sindano ya surua ya miezi 9 na ile ya miezi 18, na vitamini A ya kila baada ya miezi 6. Haina pa kuandika kwamba mtoto ameshuka mwenyewe kwenye teksi, yaani basi dogo la abiria, mguu mmoja chini, halafu wa pili, bila kushikwa mkono. Mambo ya namna hii nyumbani hayaonekani vizuri, kwa sababu nyumbani mtoto anakijua kila kizingiti. Yanaonekana njiani. Kwa hiyo ukurasa huu naujaza kwa safari moja tu, ambayo familia nyingi za Kampala huifanya: kwenda Entebbe kuona wanyama na ziwa na kurudi siku hiyohiyo, na mtoto wa kiume wa miaka mitatu na ushei.

Tuanze na saa. Mtoto wa umri huu ana saa nne au tano nzuri kwa siku, na karibu zote ni za asubuhi. Barabara ni kama kilomita 40 tu, lakini kwa foleni yetu kilomita si kipimo. Teksi ikiondoka paki saa 1 na nusu asubuhi, mnafika Kitoro, pale Entebbe, mapema, wanyama bado wanatembea na jua bado halijakaa utosini. Saa 8 mchana mko tayari kurudi. Wanaotoka nyumbani saa 4 wanafika mtoto akiwa ameshaanza kusinzia, simba naye amelala kivulini, kisha mtoto analia na kuambiwa ni msumbufu. Hana usumbufu wowote. Ameletwa akiwa amechelewa.

Jambo la pili ni mkojo, na nalisema waziwazi kwa sababu ndilo linaloharibu safari nyingi. Kibofu cha mtoto wa miaka mitatu kinabeba takriban mililita 120 hadi 150, yaani nusu kikombe cha chai. Ukimnywesha chupa nzima ya juisi kabla ya kupanda teksi, hesabu imeshakataa kabla hamjafika Kajjansi. Maji apewe kidogo kidogo, mafunda mawili matatu. Mpeleke chooni dakika ya mwisho pale paki, hata akisema hana haja. Usimuulize “unataka?” maana jibu la umri huu ni “hapana” kwa kila kitu, mwambie tu “twende tukojoe kisha tupande gari.” Chukua suruali mbili za akiba na kavera (mfuko wa plastiki) moja ya kuweka iliyolowa. Na ikitokea ajali, nguo ibadilishwe kimya kimya. Mtoto aliyegombezwa mbele ya abiria hujifunza kuficha haja yake, na anayeficha ndiye anayelowa tena.

Ndani ya teksi, mtoto anayepakatwa kwa kawaida halipiwi, akikaa kiti chake analipiwa. Mimi naona nauli ya kiti chake ni pesa iliyotumika vizuri kwenye safari ya saa nzima, ila awe katikati au dirishani, kamwe asikae karibu na mlango. Mlango wa teksi unaburuzwa, na vidole vya mtoto hupenda kushika ukingo uleule ambao kondakta anaufunga bila kuangalia. Akianza kutoa udenda, kupiga miayo na kupauka, hicho ni kichefuchefu, usingizi bado. Sikio lake linasema gari linakwenda, jicho lake linaona mgongo wa kiti uliotulia, mwili unachanganyikiwa. Mnyanyue aone barabara kwa mbele, fungua dirisha. Kifungua kinywa kiwe kikavu na chepesi, mkate au ndizi mbivu ndogo, na maziwa yasubiri.

Hapo ndani ndipo linapotokea jambo ambalo kadi ya kliniki hailijui. Siku moja mtoto atapaza sauti kabla yako: “Maaso awo!” Kila abiria Kampala anaijua kauli hiyo ya Kiganda ya kumwambia dereva ashushe hapo mbele. Kwa mtoto, kuisema mahali pake ni kazi kubwa: ametambua njia, amekumbuka kwamba mnashuka baada ya kituo cha mafuta, ametumia lugha ya watu wa nje badala ya ile ya mama yake, na ametegemea kwamba mtu mzima asiyemjua atamsikiliza. Andika tarehe ya siku hiyo.

Kutoka Kitoro wengi humalizia kwa boda. Mtoto mdogo akiwekwa kati ya dereva na mzazi hana kofia inayomtosha wala miguu yake haifiki popote pa kukanyaga. Hatari iliyo karibu zaidi, kabla hata ya kuanguka, ni bomba la moshi. Kwenye pikipiki nyingi za boda bomba liko upande wa kulia, juu kiasi cha goti la mtoto, na linabaki moto dakika kadhaa baada ya injini kuzimwa. Mtoto akishushwa kulia, shavu la mguu linagusa chuma. Apande na kushuka kushoto, kila mara, hata pikipiki ikiwa imesimama. Akishaungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, siagi na majivu havifai: vinashikilia joto, vinaleta uchafu, na daktari atalazimika kuvikwangua. Ukweli ni kwamba gari la kukodi kwa kipande hicho kifupi ni bora zaidi, mkiweza.

Kituo cha wanyama cha Entebbe, ambacho watu wengi bado wanakiita Zuu, kilianza mwaka 1952 kwa kulea wanyama waliokuwa yatima. Wazazi hukosea kutaka kukimaliza chote kwa kuwa wamelipa kiingilio. Chagua wanyama watatu. Simba, sokwe na korongo taji wanatosha kabisa, na wa mwisho ndiye ningeanza naye, kwa kuwa mtoto tayari anamfahamu: yuko katikati ya bendera na kwenye jezi ya timu ya taifa. Kwa mara ya kwanza mtoto anaona kwamba picha ina mwenyewe. Atamwangalia ndege, ataiangalia jezi ya mtu aliyesimama karibu, atamwangalia ndege tena. Mwache. Dakika 15 mbele ya uzio mmoja si muda uliopotea. Pengine atachoka na ndege na kuanza kuwafuata siafu wanaovuka njia. Hilo nalo ni sawa, mradi asisimame juu yao.

Chakula kikae ndani ya mkoba wenye zipu. Tumbili wa Entebbe wanaujua mlio wa kavera, na anayelengwa ni yule mfupi mwenye biskuti mkononi. Tumbili akikaribia, mtoto aangushe biskuti na asicheke akionyesha meno, kwa sababu kwa tumbili meno ni ugomvi. Kung'atwa au kukwaruzwa kunahitaji kuosha jeraha kwa maji na sabuni dakika 15 na kwenda hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa, hata kama damu ni kidogo.

Wazazi wanaozungumza Kiswahili nyumbani huwa na wasiwasi hapa: mtoto anasema “simba” kwa mama, “mpologoma” kwa wenzake, na neno la Kiingereza kwa mwalimu wa baby class. Wengine wanadhani anachelewa kuongea. Unapohesabu maneno yake, hesabu yale ya lugha zote pamoja; huyo mnyama mmoja amempatia maneno matatu. Cha kuangalia ni kama anaunganisha: kufikia miaka miwili maneno mawili, kufikia miaka mitatu sentensi fupi ambayo hata jirani anaielewa mara nyingi. Kama haunganishi katika lugha yoyote, nenda ukaulize, na masikio yake yapimwe kwanza.

Kisha kuna ziwa. Sheria yangu ni fupi: mchanga ndiyo, maji hapana. Ziwa Viktoria lina kichocho. Konokono wa kwenye maji ya kingo, hasa penye majani, hutoa vijidudu vinavyopenya ngozi ndani ya dakika chache, na kumfuta mtoto haraka kwa taulo hakumkingi kwa uhakika. Kichocho cha ziwa hili ni kile cha utumbo. Mzazi anayesubiri kuona damu kwenye mkojo atasubiri bure. Dalili ni tumbo kuuma, kuharisha, wakati mwingine damu kwenye choo, na mara nyingi mwanzoni hakuna dalili kabisa. Kama aliingia majini, mwambie daktari hivyo, dawa ipo. Kwa mchezo wa ufukweni beba kidumu cha lita 3 za maji ya bomba, kikombe na kijiko. Mchanga uwe na maji ya kuushikanisha tu. Ukizidi maji nyumba ya mchanga inabomoka, na kijana atagundua mwenyewe kipimo baada ya majaribio manne au matano. Viatu visivuliwe. Nawe ukae umbali wa mkono, maana mtoto anayezama hapigi kelele.

Chakula cha mchana, sangara ni rahisi kuliko sato: mifupa yake ni mikubwa na inaonekana. Sato mzuri wa kukaanga ana miiba myembamba upande wa tumbo. Mpe nyama ya mgongoni, uichambue kwa vidole vyako.

Kurudi, atalala kabla ya Kisubi. Akipata homa usiku huo, malaria ya mbu wa Entebbe hiyo si, kwa kuwa kwa kawaida inachukua siku 7 au zaidi kujitokeza. Lakini anaweza kuwa aliumwa na mbu wiki iliyopita, kwa hiyo apimwe ndani ya saa 24.

Andika akiwa amelala, kabla hujaoga. Mstari mmoja au miwili: tarehe, alichofanya bila kusaidiwa, alivyokitamka. Usisahihishe matamshi. Sauti ya “r” ni miongoni mwa zinazochelewa kukaa ulimini, wengine hadi miaka mitano au sita, hivyo “kolongo” wa miaka mitatu hana kasoro. Andika “kolongo”. Mwakani mrudi kwenye uzio uleule, umuulize yule ni nani, na uandike jibu chini ya la kwanza.